UZI: LIMIT 1000 inavyolificha jokofu lililozimika. Tuongee kuhusu kukata matokeo kwenye data za muda

#1 Mtunza Kanzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale wanaoshughulika na data zinazoingia mfululizo: vihisi, mita za maji, logi za seva, miamala. Kama kanzidata yako ni orodha ya wanafunzi na karo zao, soma kwa kujifurahisha tu, maana LIMIT (amri ya SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, inayokata matokeo yasizidi idadi uliyotaja) haitakusumbua sana.

Natumia mfano wa majokofu ya chanjo kwa sababu ndiyo nayoyajua. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Tuseme una majokofu 40 kwenye vituo mbalimbali, kila moja lina kihisi kinachotuma joto kila baada ya dakika 5. Hizo ni rekodi 288 kwa siku kwa jokofu moja, 11,520 kwa yote. Sasa aliyejenga dashibodi kaandika hivi:

```
SELECT kifaa, muda, joto
FROM vipimo
ORDER BY muda DESC
LIMIT 1000;
```

Na juu ya grafu kaweka kichwa "Hali ya leo". Haya, pigeni hesabu. 1000 gawanya kwa 40 ni 25. Vipimo 25 vya dakika tano tano ni saa mbili na dakika tano. Hiyo ndiyo "leo" yake. Joto likipanda saa nane usiku likashuka saa kumi alfajiri, muuguzi akifungua dashibodi saa mbili asubuhi anakuta mstari umenyooka, anaendelea na chanjo zake.

Hilo ndilo dogo. Vipo vihisi vinavyoongeza kasi ya kutuma pale joto linapovuka mpaka. Jokofu moja likianza kutuma kila sekunde, ndani ya robo saa limeshakula karibu nafasi zote 1000, na yale mengine 39 yamebaki na vipimo vitatu vitatu. Mgonjwa mmoja kajaza wodi nzima.

Sasa njoo kwenye lililozimika. Jokofu lililokatikiwa umeme pamoja na kihisi chake halitumi kitu. Baada ya saa mbili na ushei halimo tena kwenye zile 1000 za mwisho. Halionekani jekundu, halionekani la njano, halionekani kabisa. Dashibodi ina majokofu 39, yote kijani. Nani anakaa kuyahesabu?

Hoja yangu ni moja: LIMIT inahesabu rekodi, wewe ulikuwa unauliza habari za muda. Uhusiano wa hivyo viwili unabadilika kila kifaa kinapoongezwa, kinapokufa au kinapobadili kasi, na hakuna atakayekuja kukuambia. Matokeo yaliyokatwa yanafanana sura na matokeo kamili.

Kwa hiyo mpaka wa muda uje kwanza:

```
WHERE muda >= now() - INTERVAL '24 hours'
```

LIMIT ibaki kuilinda seva, isipewe kazi ya kuamua nini kionekane. Karibuni.

---

#2 Ngosha Seva

Mkuu unazunguka mbuyu. Weka LIMIT laki tano, kazi kwisha. Diski siku hizi bei chee.

---

#3 Mtunza Kanzi

Ngosha, laki tano kwa majokofu 40 ni siku 43 na kidogo. Leo unapumua. Mwakani mkoa ukikuongezea majokofu yafike 400 inakuwa siku nne, na grafu yako ya "mwezi huu" inaanza kudanganya bila mtu kugusa msimbo hata herufi moja. Halafu hiyo laki tano inabebwa hadi kwenye simu ya muuguzi aliye kwenye bando la MB 100. Umekuza namba, swali ulilouliza ni lilelile.

---

#4 Wa_Nakuru

Boss hapo nakubaliana na wewe, lakini kuna kitu umeacha. Sisi huku hatutumii Postgres (kanzidata ya SQL), tuko na InfluxDB (kanzidata ya data za muda), na LIMIT yake ni mnyama mwingine. Ukiandika InfluxQL, lugha yake inayofanana na SQL, bila kupanga, inakupa kuanzia za zamani kabisa. Mtu anaandika LIMIT 10 akitarajia za sasa, anapewa za siku ile mradi ulianza, anashangaa mbona kihisi "kimekwama".

Halafu ukiweka GROUP BY (kugawa makundi) ya tagi, yaani lebo kama jina la kifaa, hiyo LIMIT inahesabiwa kwa kila mfululizo (vipimo vya kifaa kimoja) peke yake. LIMIT 10 kwa vifaa 40 inakuletea 400. Kupunguza idadi ya mifululizo yenyewe kuna SLIMIT. Flux, lugha yake nyingine, nayo ni hivyo hivyo: limit inafanya kazi kwa kila jedwali, na data huingia ikiwa imegawanywa jedwali moja kwa kila mfululizo. Ukiziunganisha kwanza kwa group ndipo unapata kumi kwa jumla, ila hapo lazima upange tena kwa muda, maana baada ya kuunganisha usitegemee mpangilio.

Kwa hivyo mtu akitoka SQL akienda Influx, au arudi, neno ni lile lile lakini kazi imegeuka. Na hakuna error, ni namba tu zinakuja.

---

#5 Mtunza Kanzi

Wa_Nakuru asante, hiyo ya "kwa kila mfululizo" ndiyo watu wengi wanayoitaka hasa bila kujua: kipimo cha mwisho cha KILA jokofu. Kwenye Postgres ni hivi:

```
SELECT DISTINCT ON (kifaa) kifaa, muda, joto
FROM vipimo
WHERE muda >= now() - INTERVAL '1 day'
ORDER BY kifaa, muda DESC;
```

Lakini angalieni, hata hii haimtaji aliyekufa tangu juzi. Anzia kwenye jedwali la vifaa, lile lenye orodha ya majokofu yote mnayoyamiliki, kisha fanya LEFT JOIN LATERAL kwenda kuchukua kipimo cha mwisho cha kila moja. Lisilo na kipimo linarudi likiwa na NULL (hakuna thamani). Hiyo NULL ipakeni rangi nyekundu. Jedwali la vipimo linawajua waliosema tu, asiyesema hulipati humo hata ukiondoa LIMIT kabisa.

---

#6 Shemeji wa Linux

Ngoja niongeze la kasi, maana kuna imani mtaani kwamba LIMIT inaharakisha kila kitu. Siyo.

Chukua hii: unataka kipimo cha mwisho cha jokofu namba 17, ORDER BY muda DESC LIMIT 1. Una faharasa (index) ya muda peke yake. Kipanga-njia cha Postgres kikiona LIMIT 1 kinajisemea: nitaanza mwisho nirudi nyuma, jokofu 17 litatokea tu baada ya rekodi kama 40. Kwa jokofu lililo hai ni kweli, jibu linatoka kabla hujapepesa. Jokofu 17 likiwa limekufa miezi sita iliyopita, inarudi nyuma ikisoma miezi sita ya vipimo vya wenzake mpaka ilifikie. Kwiri (ombi kwa kanzidata) ileile, kifaa kimoja sekunde sifuri, kingine seva inapiga kelele. Na kwa bahati mbaya kifaa unachokitafuta kwa haraka ni kile kilichokufa.

Dawa ni faharasa yenye safu zote mbili, kifaa kisha muda. Wenye TimescaleDB (nyongeza ya Postgres inayogawa jedwali vipande kwa muda) msijione mmepona: vipande vyake kwa kawaida ni vya siku 7 kimoja, bila mpaka wa muda itafungua kimoja baada ya kingine kurudi nyuma.

---

#7 Mwanafunzi wa Vihisi

Shikamooni wakuu. Mimi nipo chuo, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kupima unyevu wa udongo shambani, natumia ThingSpeak (huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi data za vihisi). Msimamizi kasema nichambue data za wiki nne. Nikiomba kwa API (njia ya programu kuomba data) napata rekodi 8000 tu hata nikiandika 50000. Je nimefungiwa? Natuma kila sekunde 15.

---

#8 Bi Takwimu

Marahaba mwanangu. Hujafungiwa. ThingSpeak inatoa rekodi 8000 kwa ombi moja, ndio ukomo wake. Sekunde 15 mara 8000 ni sekunde 120,000, yaani saa 33 na dakika 20. Wiki nne zako ulizodhani umezipakua ni siku moja na nusu hata haijatimia. Wapo wanaoandika ripoti nzima juu ya hizo saa 33 na kuziita "mwezi wa Machi".

Omba siku moja moja kwa kutaja tarehe ya kuanza na ya kuishia. Siku moja kwako ni rekodi 5,760, inaenea ndani ya 8000. Kisha ziunganishe mwenyewe, na kabla ya kuchora chochote tazama muda wa rekodi ya kwanza na ya mwisho. Hayo mambo mawili, ya kwanza na ya mwisho, mimi huwa nayadai kwenye kila jedwali ninaloletewa, kabla hata ya kusoma wastani.

Na unyevu wa udongo kila sekunde 15 wa nini? Udongo haubadiliki hivyo. Dakika 10 zinakutosha, na hapo 8000 zinabeba siku 55.

---

#9 Mwanafunzi wa Vihisi

Dah! Asante sana mama. Nimeangalia, rekodi ya kwanza kweli ni ya juzi.

---

#10 Bi Takwimu

Nikiwa hapahapa, niseme na la wastani.

Kosa la kwanza ni la kisarufi ya SQL. SELECT avg(joto) FROM vipimo LIMIT 1000 haipigi wastani wa vipimo 1000 vya mwisho. LIMIT inafanya kazi mwishoni kabisa, baada ya wastani kupatikana, na wastani ni rekodi moja. Kwa hiyo seva imesoma jedwali lote, imekupa namba moja, na LIMIT 1000 imekaa pale kama pambo. Ukitaka zile 1000, zichague kwanza kwenye kwiri ya ndani ndipo upige wastani nje.

La pili ni zito zaidi. Watu wakishaambiwa "usikate kwa LIMIT, fupisha kwa wastani wa saa", wanafurahi. Turudi kwa jokofu la mtoa mada. Saa moja ina vipimo 12. Kumi ni nyuzi 5, viwili vimepanda hadi nyuzi 12 mlango ulipoachwa wazi. Jumla 74, gawanya kwa 12 unapata 6.2. Iko ndani ya 2 hadi 8! Grafu safi, chanjo imekaa kwenye nyuzi 12 kwa dakika kumi. Kuchukua kila rekodi ya kumi na mbili nako ni bahati nasibu, unaweza kuziruka zote mbili.

Kwa kitu chenye mpaka wa hatari, kila kipande cha saa kitoke na namba nne: cha chini, cha juu, wastani na IDADI ya vipimo. Idadi isisahaulike. Saa yenye vipimo 12 na saa yenye kipimo kimoja zinaonekana nukta mbili sawa kwenye grafu. Kuna njia ya kupunguza nukta za grafu iitwayo LTTB, aliyoieleza Sveinn Steinarsson kwenye tasnifu yake Chuo Kikuu cha Iceland mwaka 2013, nzuri sana kwa kuhifadhi umbo la mstari kwa macho. Ila ni ya kuchorea. Msiitumie kuamua kama dawa itupwe au itumike.

---

#11 Ngosha Seva

Bi Takwimu nimekuelewa, ya 6.2 imeniingia. Narudi nyuma kidogo kwenye laki tano yangu 😄

Swali: nikikata saa 24 zilizopita kwa vipande vya saa, mbona napata vipande 25? Nikaweka LIMIT 24 ili ipendeze.

---

#12 Mtunza Kanzi

Hapo ndipo penyewe. Sasa hivi tuseme ni saa nne na nusu asubuhi. Saa 24 zilizopita zinaanzia jana saa nne na nusu. Kipande cha kwanza ni cha saa nne jana, kina nusu saa tu ya data. Kipande cha mwisho ni cha saa nne leo, nacho nusu. Katikati kuna 23 kamili. Jumla 25. Ukipanga kuanzia cha zamani na kuweka LIMIT 24 umefuta kipande cha sasa hivi, kile ambacho muuguzi kafungua dashibodi kukiona.

Sogeza mwanzo uangukie kichwani mwa saa kwa date_trunc (kazi ya Postgres inayorudisha muda hadi mwanzo wa saa), na kipande kisichokamilika kichorwe tofauti au kisichorwe. LIMIT hapo haina kazi.

Ukipanda hadi vipande vya siku, kumbuka kanzidata nyingi zinakata siku kwa UTC, saa ya kimataifa. Kwetu Afrika Mashariki UTC inaingia siku mpya saa tisa usiku. "Jumatatu" ya ripoti yako inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu na kuishia saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne. Taja Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi kwenye kwiri yenyewe.

---

#13 Wa_Nakuru

Niongeze ya Prometheus (mfumo wa kufuatilia hali ya seva) kwa wale wa seva. topk(5) kwenye grafu haikupi mistari mitano. Inachagua watano bora kwa kila hatua ya grafu, na dakika hii watano si wale wa dakika ijayo. Unaona mistari ishirini imekatika katika. Ukitaka watano thabiti, wachague kwanza kwa kipimo cha kipindi chote, halafu chora hao.

Lakini kitu kimoja nawapa heko hao jamaa. Ukiomba nukta zaidi ya 11,000 kwa mfululizo mmoja, Prometheus inakataa na kukuambia wazi. Haikati kimya kimya. Hiyo 11,000 inatosha wiki nzima kwa dakika moja moja, ambayo ni 10,080, au mwaka mzima kwa saa moja moja, 8,760. Mimi heri error inipigie kelele kuliko grafu nusu.

Linganisha na Loki, hifadhi ya logi: API yake usipotaja limit inakupa mistari 100 ya logi. Mtu anahesabu makosa 100, anaandika kwa ripoti "makosa 100". Ndugu, hayo ni 100 kwa sababu uliomba 100.

---

#14 Shemeji wa Linux

Elasticsearch, injini ya kutafutia data, ni ndugu yao. Tangu toleo la 7.0 inahesabu matokeo kwa uhakika hadi 10,000 tu, zaidi ya hapo inakuandikia 10,000 na kialama pembeni kwamba ni "au zaidi". Kialama hakisomwi na mtu. Ukiona ripoti yoyote yenye namba ya mviringo kabisa, 100, 1000, 5000, 10,000, shuku kwanza.

Dawa rahisi ninayoipenda: ukitaka 1000, omba 1001. Zikirudi 1001, tupa moja na andika juu ya grafu kwa herufi kubwa "DATA IMEKATWA". Zikirudi 1000 au pungufu, una uhakika ndizo zote. Gharama yake rekodi moja.

---

#15 Ngosha Seva

Hii ya 1001 naiba.

Na kurasa je? Nina programu inayovuta vipimo kwa kurasa za 500, OFFSET (idadi ya rekodi za kuruka) 0, 500, 1000... kupeleka makao makuu. Wanalalamika zinajirudia.

---

#16 Mtunza Kanzi

Lazima zijirudie. Umepanga za sasa juu. Wakati unasoma ukurasa wa kwanza, vipimo vipya 40 vimeingia juu, vyote vimesukumwa chini nafasi 40, ukurasa wa pili unaanza na 40 ulizokwisha kuzisoma. Ungepanga za zamani juu, na kuna kazi ya kufuta data kongwe inayotembea nyuma, ungepata kinyume: zinarukwa.

Achana na OFFSET. Shika muda wa rekodi ya mwisho uliyoisoma, kisha omba zilizo kabla yake. Ila hapa kuna mtego mwingine na nataka muutazame kwa karibu. Vihisi vyako 40 vinatuma vyote dakika ileile, kama 10:05:00 kamili. Ukurasa wa 500 unabeba seti 12 kamili, ambazo ni 480, na vipimo 20 vya seti ya 13. Ukiomba `muda < '10:05:00'`, vile 20 vilivyobaki vya 10:05 hutaviona milele. Ukiomba `<=`, unarudia 20 ulizonazo, na kama seti moja ni kubwa kuliko ukurasa unazunguka hapohapo.

Panga kwa vitu viwili, muda na kifaa, na linganisha viwili kwa pamoja:

```
WHERE (muda, kifaa) < ('2025-03-10 10:05:00+03', 21)
ORDER BY muda DESC, kifaa DESC
LIMIT 500;
```

Hapa LIMIT ni halali kabisa, sina ugomvi nayo. Unajua ulipoishia na unajua pa kuendelea.

---

#17 Bi Takwimu

Na vituo visivyo na mtandao? Kule visiwani kihisi kinakusanya siku mbili, boti ikifika penye mnara kinamwaga vyote kwa mpigo. Muda wake ni wa juzi. Programu ya Ngosha imeshapita juzi.

---

#18 Mtunza Kanzi

Dada, hilo halitibiwi na muda wa kipimo. Lazima jedwali liwe na safu ya pili, muda wa KUINGIA kwenye kanzidata, na anayepeleka makao makuu afuate hiyo. Muda wa kipimo ni wa kuchorea grafu, muda wa kuingia ni wa kusafirishia.

Hata hivyo usiuamini hadi sekunde ya mwisho. Muamala (kundi la rekodi zinazoandikwa pamoja) ulioanza 10:00:00 unaweza kufungwa 10:00:04, rekodi zake zikaonekana baada ya wewe kupita zikiwa na muda wa nyuma yako. Ninachofanya ni kurudi nyuma dakika kumi kila safari, na upande wa kupokea unaweka kizuizi cha upekee cha kifaa na muda wa kipimo pamoja na ON CONFLICT DO NOTHING, zilizojirudia zinakataliwa kimya.

---

#19 Ngosha Seva

Dakika kumi zinatosha? Nina kwiri moja ya kupakia data za mwezi, inachukua nusu saa kufungwa.

---

#20 Mtunza Kanzi

Basi weka saa moja. Au ipakie vipande vya siku moja moja, kila kimoja kifungwe peke yake, zisikae wazi nusu saa. Mimi ningefanya la pili.